Jasho la Lazima, Jasho la Hiari

Mwaka juzi nilipata kibarua cha kuandika matangazo ya shindano la mazoezi katika chuo kimoja hapa Kisumu. Mwanafunzi anajiandikisha, anafika uwanjani saa kumi na mbili asubuhi, anakimbia au anatembea raundi zake, anawekewa alama kwenye karatasi. Akimaliza siku 30, anapewa fulana na bando za intaneti. Kazi yangu ilikuwa maneno ya mabango na jumbe za WhatsApp. Niliandika yale maneno ya kawaida: amka, jipende, mwili ni wako. Pesa ikaingia kwa M-Pesa, nikashukuru.

Siku ya kwanza walikuja watu 60 hivi. Siku ya 30 walikuwa bado wengi, maana ndiyo ilikuwa siku ya kugawa zawadi. Siku ya 31 nilirudi uwanjani kwa udadisi tu, hakuna aliyenilipa. Nilikuta watu wanne.

Nimewafikiria sana hao wanne. Lakini nimewafikiria zaidi wale 50 na kitu waliobaki kitandani, kwa sababu si wavivu. Wengine ninawajua. Kuna mmoja hutembea kutoka Nyalenda hadi darasani na kurudi, kila siku, kuokoa nauli. Ukimwambia hayo ni mazoezi, atakushangaa. Kwake hiyo ni shida. Mwingine, kijana wa mwaka wa tatu, nilimuuliza waziwazi mbona hakurudi. Alicheka, akanijibu: "Manze, si nilisoma ndio nisitoke jasho?"

Alikuwa anafanya mzaha. Lakini sentensi hiyo ninaijua tangu utotoni. Nimeisikia kwa walimu waliotutisha kwamba tusiposoma tutasukuma mkokoteni pale Kibuye. Nimeisikia kwa shangazi zangu. Zaidi ya wote nimeisikia kwa baba, ambaye alinisomesha kwa kuendesha baiskeli ya boda. Kwa hivyo nilipofika nyumbani sikuanza kuandika kuhusu uvivu wa vijana. Nilianza kuuliza: ni lini, na kwa nini, jasho liligeuka kuwa kitu cha kukimbiwa kwenye ufuo huu?

*

Twende kwanza Maseno, kilomita 25 hivi kutoka mjini, barabara ya Busia, pale mstari wa ikweta unapokata.

Reli ilifika ziwani mwaka 1901, na Kisumu ikaanza maisha yake ya mji kwa jina la Port Florence. Miaka mitano baadaye, 1906, wamishonari wa Kianglikana wa CMS walifungua shule Maseno. Wanafunzi wa mwanzo walikuwa hasa watoto wa machifu. Walikwenda kutafuta kitu kimoja: kusoma. Neno lenyewe liliingia katika Dholuo, na waliokwenda misheni wakaitwa josomo, wasomaji. Kalamu na karatasi ndizo zilizokuwa zinawapa wageni nguvu zao, kila mtu aliliona hilo. Karani alikuwa na nguvu kuliko mtu mwenye misuli.

Lakini walipofika, walikuta kwamba sehemu kubwa ya siku ilikuwa ya kazi za mikono. Mwaka 1908 wakagoma. Walitaka masomo zaidi, kazi za mikono zipunguzwe. Wanahistoria wa elimu wanapotafuta mgomo wa kwanza wa wanafunzi Kenya huishia hapo, Maseno, 1908. Sisi tuliozoea kusikia shule zimegoma kwa sababu ya chakula au mitihani huwa hatujui kwamba mgomo wa kwanza ulikuwa kuhusu mwili. Vijana wale walikuwa wanasema: hatukuja hapa kutumia mikono, hiyo tunayo nyumbani.

Na walikuwa na haki ya kushuku. Mwaka uliofuata, 1909, ripoti ya Fraser kuhusu elimu ilishauri kwamba Waafrika wafundishwe zaidi ufundi na kazi za mikono. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika Mashariki na kuja na wazo linalokaribiana na hilo: elimu ya Mwafrika ilingane na maisha ya shamba na kijiji. Kwenye karatasi wazo halionekani baya. Lakini aliyekuwa anasoma aliisikia kwa sikio lingine: wewe ni wa jembe, mwenzako ni wa ofisi.

Kati ya ripoti hizo mbili kulikuwa na vita. Kuanzia 1914, Waingereza walipopigana na Wajerumani wa upande wa Tanganyika, walihitaji watu wa kubeba mizigo, kwa sababu malori yalikuwa machache na ndorobo waliwaua wanyama wa kubebea. Mwaka 1917 John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Nyanza, alipewa jukumu la kukusanya wapagazi. Alizijua njia za huku na machifu wa huku, na Nyanza ilitoa vijana wengi mno. Kikosi kile kiliitwa Carrier Corps, na ulimi wa Kiswahili ukakigeuza kuwa Kariokor kule Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Ukipita sokoni Kariokor kununua kiondo, unatamka jina la kikosi hicho. Makumi ya maelfu ya wapagazi hawakurudi, na wengi hawakuuawa kwa risasi bali kwa kuhara, malaria, njaa na uchovu.

Hebu fikiria maana yake kwa mtu wa kawaida. Anayechukuliwa ni kijana mwenye nguvu. Mwembamba, mgonjwa, mzee, anaachwa. Mwili mzuri ulikuwa sababu ya kukamatwa. Na kijana wa misheni, mwenye uwezo wa kuandika, angalau angeweza kupata kazi ya karani badala ya kubeba.

Vita vilipokwisha, kodi ikapanda, kipande kikaja, kazi ya lazima ikaendelea. Mwezi wa Disemba 1921 watu walikusanyika Lundha, Gem, katika vuguvugu lililojulikana kama Piny Owacho, yaani nchi imesema. Kati ya viongozi alikuwamo Jonathan Okwiri, zao la Maseno. Malalamiko yao yalikuwa kodi, kipande, kambi za kazi, ardhi. Wasomi wa kwanza wa ufuo huu walipofungua midomo yao kwa pamoja, sehemu kubwa ya waliyosema ilikuwa hii: acheni kuiamuru miili yetu.

Serikali ilijibu kwa werevu. Chama chao kikageuzwa kuwa cha ustawi wa walipa kodi chini ya Archdeacon Owen wa CMS, na wanachama wakaanza kuhimizwa kuchimba vyoo, kuua panya na kusafisha boma. Mambo mazuri, sikatai. Lakini ona mtindo wenyewe: afya inakuja kama maagizo kutoka juu, mahali ambapo watu walikuwa wameomba uhuru.

*

Sasa usije ukafikiri watu wa huku hawakupenda kutumia miili yao. Hapana. Kabla ya filimbi ya mwalimu kulikuwa na adhula, mchezo wa kugombania mpira kwa magongo, ambao vijana waliucheza malishoni. Kulikuwa na mieleka. Kulikuwa na ngoma za usiku kucha. Na ziwani kulikuwa na makasia. Mtu aliyevuka kwa mtumbwi dhidi ya upepo wa alasiri hakuhitaji kuambiwa afanye mazoezi ya mabega. Hakuna aliyeyatenga hayo na maisha na kuyapa jina.

Mpira wa miguu ulikuja na misheni kama somo la nidhamu. Maseno walipata mwalimu mkuu Mwingereza, Edward Carey Francis, mwanahesabu kutoka Cambridge, aliyeongoza shule hiyo kuanzia 1928 hadi 1940 kabla ya kuhamia Alliance. Anakumbukwa kwa ukali, kwa hesabu na kwa mapenzi ya kandanda. Kwa watu wa aina yake uwanja ulikuwa darasa: usilalamikie refa, usicheze peke yako, tii.

Lakini mpira ulitoroka darasani. Ulifika kwenye viwanja vya vumbi, kwenye timu za reli na za vijiji, kwenye vyama vya watu wa nyumbani waliokutana mijini. Mwaka 1968 ikazaliwa Gor Mahia, ikachukua jina la mganga wa hadithi za Waluo aliyesemekana kujigeuza umbo lolote. Mwaka 1987 timu hiyo ikatwaa Kombe la Washindi la Afrika kwa kutoka sare na Espérance ya Tunisia mara mbili, 2-2 kule Tunis na 1-1 Nairobi, kwa faida ya mabao ya ugenini. Mpaka leo kuna wazee pale Kondele ambao watakusimulia mabao hayo kama vile waliyafunga wao.

Hapo ndipo penye kitendawili. Kisumu ni mji unaopenda michezo hadi koo kukauka, lakini wengi wetu tunapenda tukiwa tumekaa. Mse akikuambia anapenda mpira, muulize mara ya mwisho kuugusa ilikuwa lini. Atakutajia shule ya msingi.

Na kuna jambo linalonifurahisha nikilifikiria. Kwenye mashindano ya shule za upili, majina ambayo yamewatisha wapinzani katika mpira wa magongo wa wasichana ni pamoja na Sinyolo, hapa Kisumu, na Nyamira, kule Bondo. Siwezi kusema ni adhula imefufuka, magongo haya yalikuja na walimu. Lakini nimekaa kando ya uwanja nikiwatazama wasichana wa shule wakikimbizana na mpira ule mdogo mgumu, wakipiga kelele na kutaniana, na sikuona mtu aliyekuwa anatii amri.

Swali ni wanapotelea wapi baada ya kidato cha nne.

*

Sisi tuliosoma 8-4-4, mfumo ulioanza 1985, tunalo jibu la nusu. P.E. ilikuwa kwenye ratiba. Haikuwa kwenye mtihani. Katika shule ambayo kila kitu kinapimwa kwa alama, kitu kisichotahiniwa ni kipindi cha kumalizia hesabu. Ratiba ilisema P.E., ubao ukasema logarithimu. Tulizoea.

Tulichokipata kwa uhakika ni mazoezi ya adhabu. Ukichelewa, ruka kichura. Ukiongea darasani, zunguka uwanja mara kumi. Ukikosa kumaliza kazi ya nyumbani, piga magoti kwenye changarawe. Kwa hiyo kijana anapofika chuoni ana miaka 12 ya somo moja la mwili ambalo lilifundishwa vizuri sana: anayekimbia ni mwenye makosa.

Chuoni kwenyewe pia pana historia yake. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka. Wanafunzi walionekana kuwa tatizo la usalama. Mwaka 1984 serikali ya Moi ikaamua kwamba kila anayeingia chuo kikuu lazima kwanza apitie mafunzo ya Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, kwenye kambi kama ile ya Gilgil. Mabinti na vijana waliofaulu mtihani wakapewa buti, wakaamshwa gizani, wakapigishwa gwaride na kukimbizwa. Lengo lilitajwa kuwa nidhamu na uzalendo. Mpango huo uliachwa kufikia mwanzo wa miaka ya tisini.

Nimeongea na watu wa kizazi hicho, sasa wana mvi. Wanakumbuka kwa kicheko: urafiki, uji, malengelenge, nyimbo. Mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliniambia hajawahi kuwa na nguvu kama aliyokuwa nayo alipotoka Gilgil. Nikamuuliza, halafu? Akanitazama kama niliyemuuliza kitu cha kipuuzi. "Halafu nini, mwanangu? Halafu niliacha. Afande hakuwepo."

Afande hakuwepo. Miezi ile ilimjengea mapafu lakini haikumwachia sababu.

Kuna mwanasaikolojia Mmarekani, Edward Deci, aliyechapisha jaribio dogo mwaka 1971. Aliwapa wanafunzi wa chuo fumbo la vipande vya kupanga, na fumbo hilo, utacheka, linaitwa Soma. Wengine aliwalipa kwa kila umbo walilofanikiwa kupanga, wengine hakuwalipa. Halafu akawaacha peke yao kwa muda chumbani, huru kufanya wanachotaka. Wale waliokuwa wamelipwa walielekea kuligusa fumbo kidogo kuliko ambao hawakulipwa. Malipo yalikuwa yamegeuza mchezo kuwa kibarua, na kibarua kikiisha mtu anapumzika. Yeye na mwenzake Richard Ryan walijenga juu ya wazo hilo nadharia nzima: mtu hudumu katika jambo anapohisi amelichagua mwenyewe, anapoona anaboreka, na anapolifanya pamoja na watu anaowajali.

Nilipoisoma hiyo nilikumbuka mabango yangu. Fulana na bando. Mimi ndiye nilikuwa nimewalipa watu kupanga Soma.

*

Lakini nikiishia kwenye saikolojia nitakuwa nimedanganya, kwa sababu kuna kitu kingine kilichoondoka bila mtu kuamuru. Nacho nilikiona nyumbani.

Boda boda ilianza mpakani Busia miaka ya sitini, baiskeli zikivusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda, kutoka boda hadi boda. Kufikia miaka ya tisini ilikuwa imeiteka Kisumu. Mji huu ni tambarare upande wa ziwa, na baiskeli nzito ile tunayoiita Black Mamba, ikiwekwa kiti cha sponji nyuma, ilimpeleka mtu popote kwa shilingi chache. Vijana wengi waliokosa kazi waliishi kwa miguu yao.

Baba alikuwa mmoja wao. Alikuwa mwembamba, ndama za miguu zimekaa kama mawe. Alibeba mama wa sokoni na magunia yake ya omena kutoka Kibuye hadi Nyamasaria kwenye jua la saa saba. Na jioni, akiwa amenyoosha miguu kwenye mkeka, angeniambia kwa Dholuo: "Nyathina, mimi ninakanyaga ili wewe ukae." Kukaa. Hiyo ndiyo ilikuwa ndoto: kiti, meza, feni.

Mwaka 2008 serikali iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo, zile zisizofikia injini ya sisi 250. Bei ikashuka, na pikipiki za kutoka India na China zikajaa barabarani, na tuktuk nazo. Baba alichukua mkopo wa chama mwaka 2010, akanunua pikipiki. Ilikuwa siku ya sherehe. Black Mamba ikatundikwa ukutani nyuma ya nyumba. Mapato yakapanda, karo ikalipwa, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyefikiri kwamba kuna kitu kimetolewa katika mwili wake. Kwa kweli tungekuwa wajinga kuhuzunika. Nani analilia mzigo?

Miaka kadhaa baadaye alianza kunywa maji sana na kuamka usiku. Sukari.

Misuli inapofanya kazi huchota sukari kwenye damu hata kama insulini imezembea. Ndiyo maana daktari, pamoja na vidonge, alimwandikia kutembea. Nusu saa, siku tano kwa wiki. Ukijumlisha ni dakika 150, kile kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wazima. Zamani baba angekimaliza siku moja kabla ya saa nne asubuhi. Sasa alirudi nyumbani na ile karatasi, akaiweka chini ya redio, akasema: "Ameniamuru nitembee kama mfungwa."

Sikumcheka. Ni mjukuu wa mtu aliyechukuliwa Kariokor. Ni mtu aliyetoka jasho miaka 12 ili mtoto wake asitoke. Halafu mtoto mwenyewe akaacha chuo mwaka wa pili kwa kukosa karo, akaishia kuandika mabango ya kuwaambia wenye bahati ya kubaki huko watoke jasho. Katika familia yetu jasho halijawahi kuwa burudani. Limekuwa deni, na kila kizazi kimejaribu kulilipia kizazi kinachofuata ili kisidaiwe.

*

Turudi kwa wale wanne wa siku ya 31. Nimeendelea kuwasiliana nao. Hawana siri yoyote kubwa.

Wawili ni wasichana wanaoishi hosteli moja. Wanakimbia pamoja kwa sababu peke yao hawawezi: asubuhi bado ni giza, na barabarani kuna wanaume wanaodhani msichana aliyevaa suruali ya mazoezi amewaomba maoni. Mmoja wao alicheza magongo shule ya upili. Aliniambia chuoni alikuwa amemaliza mwaka mzima hajui kama kuna timu. "Nilikuwa ninamisi kelele," alisema. Si umbo, si uzito. Kelele za wenzake uwanjani.

Wa tatu ni kijana wa uhandisi ambaye mama yake ana presha. Hakimbii, anatembea haraka huku akisikiliza mihadhara kwenye simu. Ana daftari dogo anamoandika raundi, na ameniambia kinachomrudisha ni kuona raundi zikiongezeka.

Wa nne ndiye aliyenishangaza. Anasomea ualimu, na anasema anakuja uwanjani kwa sababu ndiyo saa pekee hakuna anayemtaka kitu.

Kuchagua, kuboreka, wenzako. Deci angefurahi. Lakini kuna sharti lingine ambalo Deci hakuhitaji kulitaja kwa sababu watu wake walikuwa tayari chumbani: mahali. Mji huu tangu mwanzo uligawa viwanja kwa rangi, Wazungu na klabu zao, Wahindi na zao, Mwafrika na uwanja wa vumbi. Rangi iliondoka, malango yakabaki, ila siku hizi lango linauliza kadi ya uanachama au kitambulisho cha mwanafunzi. Nilipoacha chuo nilidhani nimepoteza digrii tu. Wiki moja baadaye askari wa langoni, jamaa tuliyekuwa tunasalimiana kila siku, aliniomba kitambulisho, sikuwa nacho, na nikagundua kwamba nimepoteza pia uwanja. Yeye alikuwa anafanya kazi yake, sikumlaumu. Lakini nilirudi nyumbani nikifikiria idadi ya vijana wa rika langu hapa mjini ambao hawajawahi kuwa na hicho kitambulisho hata siku moja.

Tuna Jomo Kenyatta Sports Ground katikati ya mji, ni kweli. Tuna uwanja mpya Mamboleo uliofunguliwa kwa Madaraka Dei ya 2021. Kabla ya mkutano wa Africities wa Mei 2022, mji ulipata njia za miguu ambazo hatukuwa nazo. Ni hatua. Tunachohitaji zaidi ni vitu vidogo visivyokatiwa utepe: taa kwenye njia zinazotoka Nyalenda na Manyatta, mpira wa magongo wa jioni usio na kombe, lango la chuo linalofunguliwa kwa majirani saa mbili kila asubuhi. Na walimu watakaoacha kutumia mbio kama fimbo. Mtaala mpya wa umilisi ulioanza kusambazwa 2019 umerudisha shughuli za mwili kwa watoto wadogo. Wakifundishwa kuzipenda miaka sita halafu wakaambiwa waruke kichura mwaka wa saba, tutakuwa tumerudi Maseno 1908.

Sitaki kumwambia yule kijana wa mwaka wa tatu kwamba amekosea. Aliposema alisoma ndio asitoke jasho, alikuwa anazungumza kwa niaba ya watu wengi waliokufa. Ningependa tu ajue kwamba wale wa Maseno hawakugomea jasho. Waligomea jasho la mtu mwingine. Jioni, darasa likiisha, hao hao walikuwa wanakimbizana na mpira.

*

Mimi sasa hukimbia barabara ya kwenda Dunga. Ninatoka Nyalenda, ninapita Milimani chini ya miti ya watu wenye pesa, ninapita Impala, halafu ziwa linafunguka mkono wa kulia na wavuvi wanakuwa wanarudi. Hakuna lango.

Kwa baba nilijaribu yote. Nilimsomea karatasi ya daktari. Nilimwahidi zawadi, mimi tena, sikujifunza. Alikataa kutembea bila sababu. Alisema mtu mzima hatembei tu, anakwenda mahali. Nikakaa na neno hilo wiki nzima.

Mwezi wa Februari nilishusha Black Mamba ukutani. Niliipeleka kwa fundi pale Ring Road, akabadilisha tairi, mnyororo, breki. Niliirudisha jioni, nikaiegemeza mlangoni, nikamwambia: "Baba, kesho nataka samaki wa Dunga, wale wanaotoka kwenye boti. Pikipiki haina mafuta."

Aliitazama kwa muda mrefu. Akabonyeza tairi kwa kidole gumba, akanung'unika kwamba fundi amekaza mnyororo kupita kiasi. Asubuhi nilipoamka haikuwepo. Nilimkuta njiani karibu na Impala, ameshuka, anaisukuma, shati limelowa mgongoni, anahema. Nikapunguza mwendo nikatembea kando yake.

"Hii kitu imekuwa nzito," akasema.

"Ni ile ile, Baba."

"Basi shika hapa nyuma," akasema, "lakini usisukume."